Alijibu kwa Nyusi

Stendi ya Nyamhongolo, Mwanza, saa tatu asubuhi na dakika zake. Nimekaa kwenye benchi la mama muuza chai, nasubiri basi lenye kifurushi changu kutoka Bunda. Mbele yangu konda anasukumia magunia kwenye buti la basi la Musoma. Anakuja dada wa kizungu, binti mdogo tu, begi la mgongoni limempita kichwa. Anasubiri konda ainuke, ndipo anauliza:

"Musoma?"

Konda anamtazama, ananyanyua nyusi, anarudi kwenye gunia lake.

Dada anadhani hajasikiwa. Anasogea karibu. "Samahani kaka. Basi hili, Musoma?" Kiswahili cha kitabu, lakini kimenyooka. Konda ananyanyua nyusi tena, safari hii juu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, kama mtu anayekazia jibu.

Yule binti akageuka, uso umemwiva. Akaenda kukaa juu ya begi lake kando ya ukuta. Dakika tano baadaye basi likaondoka na siti nne wazi. Nilizihesabu.

Wewe unayesoma hapa huhitaji kuambiwa konda alisema nini. Alisema ndiyo. Mara mbili.

Na mimi niliona mwanzo mpaka mwisho, na sikunyanyuka.

Nilijipa sababu njiani nikirudi mjini. Chai ilikuwa ya moto. Kiingereza changu ni cha kuulizia bei. Angepata basi lingine tu, mabasi ya Musoma si ya kutafuta kwa tochi. Zote kweli, na hakuna hata moja iliyonituliza. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, bado namwona amekaa juu ya lile begi. Maana miezi mitatu kabla ya hapo, aliyekaa nje ya mlango kwa sababu ya nyusi za mtu alikuwa mimi.

Merter, siku ya Jumapili

Mimi ni mfanyabiashara wa nguo. Duka langu ni dogo, na kwa miaka nilikuwa nachukua mzigo Kariakoo kama wenzangu. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, nikajikusanya, nikaenda Istanbul mwenyewe. Nililala Laleli, mtaa ambao kila mwenye duka la nguo Afrika ameshausikia. Manunuzi nikayafanyia huko na Merter, mtaa mwingine wa jumla kwenye njia hiyohiyo ya tramu. Kununua hakukunisumbua. Nguo zinauzwa kwa seri, mtindo mmoja saizi zake zote, na kalkuleta ndiyo inayoongea. Yeye anaandika, wewe unafuta, unaandika yako, anashika kichwa, mnacheka, mnalipana. Siku tatu nzima sikuhitaji sentensi hata moja.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Nikadhani lugha si tatizo.

Siku ya nne nikaenda Merter kwenye ofisi ya kago kuangalia mzigo wangu umepimwa kilo ngapi. Niwe mkweli, siku zilikuwa zimenichanganya. Safari yangu ya kurudi ilikuwa kesho yake usiku. Nikakuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa: PAZAR KAPALI. Simu ilikuwa imezima, na pawabenki niliiacha hotelini ikichaji (ndiyo, nacheka na mimi). Ila hayo maneno mawili niliyajua. Kapalı nilikuwa nimeiona kwenye milango ya maduka jioni: imefungwa. Pazar nilifundishwa na wenzangu hata kabla sijaondoka Mwanza: soko.

Soko limefungwa. Sawa, naona mtaa mzima kimya. Lakini mimi sitaki soko, nataka kago.

Kijana mmoja alikuwa amesimama mlango wa pili anavuta sigara. Nikamwonyesha mlango, nikatumia neno jingine nililokuwa nalo: "Bugün?" Yaani leo? Leo watafungua?

Akanyanyua nyusi. Kichwa kikaenda nyuma kidogo, na ulimi ukatoa kimlio, kama nusu ya msonyo.

Nikakasirika kidogo kwa huo msonyo. Lakini jibu nilikuwa nimelipata. Nikashukuru, nikakaa kwenye ngazi, nikasubiri.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilisubiri mpaka taa za barabarani zikawaka.

Mzee wa chai

Baridi ya Novemba ya kule si ya kufa mtu, ila kwa mtoto wa ziwani ilitosha. Nina pumu. Kifua kilipoanza kupiga filimbi nikanyanyuka, nikatafuta mlango wowote wenye mwanga. Ulikuwa wa mgahawa mdogo wa chai, wazee watatu ndani na televisheni. Nikakaa, nikavuta dawa yangu mara mbili. Mwenye mgahawa, mzee wa masharubu meupe, akanitazama mpaka nikamaliza, akasema kitu cha maneno mawili, kwa sauti ya chini, kisha akaleta chai kwenye kile kigilasi chao chenye kiuno.

Nikamwambia "kargo", nikaonyesha nje. Akaelewa haraka. Akaanza kunieleza, na hapo ndipo nilipoona ubaya wa kujua maneno kumi: ukiyatamka vizuri, mwenzako anafungulia bomba. Nikabaki namtazama mdomo.

Akanyamaza. Akanishika mkono wa sweta, akanipeleka kwenye kalenda ya ukutani. Akaweka kidole juu ya safu ya mwisho. Pale juu paliandikwa Pazar. Kumbe ni jina la siku pia. Pazar ni soko, na Pazar ni Jumapili. Kisha kidole kikaondoka mwisho wa mstari, kikashuka, kikarudi mwanzo wa mstari wa chini. Pazartesi, Jumatatu. Akachukua kalamu, akaandika kwenye kiganja chake: 09:00.

Somo zima la Kituruki kwa kidole kimoja.

Nikatoa pochi. Neno la bili nilikuwa nalo, na nililipenda kwa sababu ni letu: hesap, hesabu. Nikasema "hesap", nikamnyooshea noti.

Akanyanyua nyusi. Kichwa nyuma kidogo. Kimlio cha ulimi.

Na noti akairudisha mkononi mwangu.

Nikasimama pale na noti yangu kama mtu aliyemwagiwa maji. Kwa hiyo ile ni hapana. Yule kijana alinijibu vizuri kabisa, tena papo hapo, saa tatu zilizopita. Alinikatalia waziwazi, na mimi nikamshukuru na kukaa.

Maneno ya kufanana

Waturuki wamechota kwenye kisima kilekile cha Kiarabu tulichochota sisi, na ukiwa mpya unafurahi kama umekutana na ndugu. Dakika ni dakika. Sabun, kalem, kitap, dünya. Lazım ni lazima. Saat ni saa. Habari ni haber. Hata ile tabia ya kumwita kila mtu ndugu wanayo: mimi nilikuwa abla, dada mkubwa, kwa kila kijana wa dukani. Wanatenganisha amca na dayı kama sisi tunavyotenganisha baba mdogo na mjomba. Yule mzee wa chai alikuwa akiniita kızım, binti yangu.

Lakini ndugu wengine wanakuchanganya zaidi ya wageni. Asubuhi ya kwanza mhudumu wa hoteli, kijana wa miaka kama ishirini, alinisalimia "Merhaba!" Nikashtuka. Marahaba? Nani kakuamkia, mtoto wewe? Kwao ni salamu ya kila mtu kwa kila mtu. Na mzee wa chai, aliporudisha noti yangu, alininyooshea mkono akasema "misafir". Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, mimi ni msafiri, nakwenda zangu kesho. Nilikuja kujua baadaye kwamba misafir ni mgeni. Alikuwa anaeleza kwa nini halipwi.

Neno usilolijua kabisa linakuamsha, unauliza. Unalodhani unalijua linakulaza. Pazar imenigharimu kuliko maneno yote ya Kituruki ambayo sijawahi kuyasikia.

Na nyusi ni vivyo hivyo. Nilikuwa nimeambiwa na watu wangapi: usiogope, ukikosa lugha tumia ishara, ishara ni lugha ya dunia nzima. Si kweli. Ishara ina kwao, kama maneno yalivyo na kwao.

Karatasi ya baba

Sitaki mfikiri niliondoka bila mpango. Nyumbani kwetu mtu haondoki bila karatasi.

Ilianza 1996. Watu wa Mwanza wa umri wangu hawahitaji kusimuliwa MV Bukoba, meli iliyozama ziwani tarehe 21 Mei, na siku zilizofuata. Baba hakupoteza ndugu. Alikuwa na jirani aliyekuwa akimtafuta mdogo wake, na shida yake kubwa ilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kumwambia kama huyo mdogo alipanda au hakupanda. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Jirani alikuwa akiomboleza na kusubiri kwa wakati mmoja. Tangu mwaka ule, ukisafiri kutoka nyumba ya baba, hata kama ni kuvuka Kamanga kwenda Sengerema, unaandika karatasi: chombo gani, saa ngapi, unafikia kwa nani, ukichelewa apigiwe nani. Inawekwa kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni.

Ya Istanbul niliiandika vizuri. Ndege, hoteli, namba ya pasipoti, ubalozi wetu ulioko Ankara. Nakala alikuwa nayo mdogo wangu wa Bunda. Nikitoweka, wangejua pa kuanzia.

Ila ile jioni, nimekaa kwenye mgahawa wa Merter na simu imekufa, nikaona kasoro ambayo miaka yote hatukuiona. Karatasi ya baba ni ya waliobaki. Imeandikwa ili nitafutwe. Haikuwa na mstari hata mmoja wa kumsaidia aliyekuwa mbele yangu wakati huo, aliye tayari kunisaidia na hajui aanzie wapi.

Kadi ya hoteli yenye anwani? Ilikuwa chumbani, imechomekwa ukutani, kwa sababu bila kuichomeka taa haziwaki. Jina la hoteli lilikuwa kama majina ya hoteli tano za mtaa ule. Nilichokuwa nacho ni neno moja, Laleli. Nikalisema, nikafungua kiganja. Mzee akatoka nje nami, akanyoosha kidole mpaka kituo cha tramu, kisha akakipeleka upande wa kulia. Kule kituoni nikalisema tena kwa mama mmoja mwenye mtoto. Naye akanyoosha kidole. Hivyo hivyo mpaka mlangoni.

Kinachonisumbua hadi leo si kurudi hotelini. Ni zile saa tatu kwenye ngazi. Ingekuwaje kama kifua kingebana kweli, si filimbi tu? Namba ya dharura kwao ni 112, kama kwetu. Haya, ukishapiga unasema nini? Nilijifunza kusema bei gani, punguza, nzuri sana. Sikujifunza neno astım, ambalo ukilitazama hata si gumu. Nilibeba maneno ya kununulia, ya kuugua nikayaacha.

Kitambaa mezani

Kuna wateja wangu wanaotoka Kwimba na Magu, kina mama wa makamo, ambao Kiswahili chao kinaishia kwenye salamu. Nami Kisukuma changu, nikiwa Mkerewe, kinaishia mwangaluka. Wakifika hawaulizi kitu. Wanafungua ncha ya khanga, wanatoa kipande cha kitenge kilichochakaa, wanakilaza mezani. Kimya. Mimi naleta kinachofanana, wanakipapasa, wanakisukuma pembeni au wanakivuta kwao. Pesa inatolewa noti moja moja mpaka niseme basi.

Zamani tulikuwa tukiwacheka, mimi na msichana wangu wa duka. Tulidhani ni ushamba.

Sasa naona walikuwa wamepanga. Mtu anatoka Ngudu alfajiri akijua kabisa kwamba mjini hataeleweka, basi anaandaa swali ambalo jibu lake halihitaji mdomo. Hakuna mahali pa kukosea. Huwezi kusikia vibaya kitambaa.

Nilipoulizia "Bugün?" nilikuwa nimeuliza swali la ndiyo na hapana, na hilo ndilo swali baya kuliko yote kwa mtu asiye na lugha. Jibu lake linakuja kwa kichwa, kwa nyusi, kwa neno fupi linalomezwa, na wewe unachagua unalolitaka. Ningempa kijana kalamu na kiganja changu, aandike saa. Ningemwonyesha kalenda. Angeweza kuniambia hapana kwa namna ambayo nisingeweza kuigeuza ndiyo.

Jumatatu nilipofika ofisi ya kago sikuuliza chochote. Nililaza risiti mezani, juu yake nikaweka kalamu. Dada wa pale ofisini akaandika kilo, akaandika bei, akaandika 16:00. Hata hapo nilisimama kidogo, kwa sababu 16 ukitoa 12 ni 4, na Mswahili akiona 4 moyo wake unakwenda saa nne. Majira ya kwao na ya kwetu ni yaleyale, huhitaji kugeuza saa unapotua, na labda ndiyo sababu nililazimika kujikumbusha mara mbili: hiyo ni saa kumi jioni.

Pole

Kuna jambo moja niliulizia kabla sijaondoka. Yale maneno mawili ya mzee, wakati navuta dawa. Niliyaigiza kwa yule kijana wa merhaba, anayejua Kiingereza. Akacheka, akasema ni "geçmiş olsun", na akahangaika kunipa maana yake. Ipite, iwe imepita, kitu cha kumwambia mgonjwa. Akaniambia wana jingine, "kolay gelsin", la kumwambia mtu uliyemkuta kazini, na hilo nalo Kiingereza kinamshinda.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Pole. Pole na kazi.

Siku mbili kabla nilimkuta muuza jinzi amefungwa bendeji mkononi, nikataka kumpa pole. Nikaiandika kwenye programu ya tafsiri, nikamsomea kilichotoka. Akanitazama kwa mashaka. Nadhani ile programu ilipitia Kiingereza kwanza, na huko pole ikawa kuomba radhi, kwa hiyo nilikuwa nimekiri mbele ya wafanyakazi wake kwamba mkono niliuvunja mimi. Neno analo, nami ninalo, linafanana kabisa, na likapotea katikati kwa sababu tulimpa mtu wa tatu alibebe.

Siku hizi karatasi yangu ina pande mbili. Upande mmoja ni wa baba, unabaki kabatini na mwingine Bunda. Upande wa pili ni wa mgeni nisiyemjua, na niliuandikiwa kabla ya safari na mtu wa lugha hiyo, si simu: nina pumu, dawa yangu ni salbutamol, nalala hapa, tafadhali nioneshe kwa kidole au niandikie. Dawa naandika jina lake halisi, maana jina la kampuni linabadilika ukivuka mpaka. Picha ya mlango wa hoteli naichapisha kabisa, nalipa shilingi mia chache pale steshenari. Mdogo wangu ananiona nimezidi.

Nyamhongolo tena

Juzi nimekwenda stendi kufuata kifurushi kingine. Konda ni yuleyule. Nikamngoja amalize, nikamsimulia: yule dada wa kizungu wa siku ile, mwenye begi, alikuachia basi kwa sababu alidhani humjibu.

"Mama, si nilimjibu?" Alishangaa kweli. "Nilimjibu mara mbili!"

Nikamweleza kwamba kuna watu hawaijui ile. Na kwamba kuna nchi ukinyanyua nyusi umesema hapana. Akawaita wenzake waje wasikie. Wakacheka, wakajaribu, mmoja akanyanyua nyusi huku akisema hapana, akashindwa, nyusi zikagoma. Nikawaambia mtu asiyejua lugha wamshike hata mkono wa begi, wamwonyeshe siti. Konda akaniambia nimekuwa mwalimu sasa.

Nikasema sawa, tuache hayo. Kifurushi changu cha Bunda kimefika?

Akanyanyua nyusi.